Dhima ya Mpiga Mzinga

Yuko mtu ambaye huua asimwone amwuaye, wala asisikie kilio chake, wala asijue jina lake au umri wake, na jioni akala chakula chake akalala. Naye si jambazi wala mchawi, bali ni askari mwenye sare ya serikali, aliyeapa kiapo cha halali na kutii amri ya halali. Mtu huyo ni mpiga mzinga. Swali ninalotaka kulitafakari hapa ni kama ana dhima mbele ya Mwenyezi Mungu kwa kila roho itokayo pale kombora lake lilipoangukia, au dhima hiyo ni ya yule aliyemwamuru, au ya yule aliyemwonyesha mahali pa kupiga, au ya wote kwa pamoja, ikigawanyika baina yao hata fungu la kila mmoja likawa dogo lisiloweza kuuinua mkono wa mizani.

Kwa watu wa Kitaya swali hili si la mapumziko ya jioni. Kijiji chao kiko kando ya mto Ruvuma, katika bonde la mpunga chini ya nyanda za Makonde, na ng'ambo ya maji ni nchi ya Msumbiji, ambako wanakaa watu wa kabila lao na wa ukoo wao, wanaooana nao, wanaozikana nao, na kuvushana kwa mitumbwi baina ya viboko na mamba bila kujali sana ni bendera gani inayopepea ukingo upi. Mto huu umekwisha kuona majeshi ya mataifa mengi. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wareno waliuvuka wakapanda hadi Newala, na kabla ya mwaka kwisha wakafukuzwa wakarudi walikotoka. Tarehe 25 Novemba 1917 kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, naye aliuvuka kwenda kusini, akawapiga Wareno hao hao Ngomano. Na katika miaka ya vita vya ukombozi wa Msumbiji, tangu 1964 hadi 1974, vijiji vya ukanda huu vilionja mabomu ya Wareno kwa kosa la kuwapokea ndugu waliokimbia dhuluma. Kisha, Oktoba 2020, watu wenye silaha walivuka kutoka Cabo Delgado, wakakishambulia Kitaya chenyewe, wakaua na kuchoma nyumba. Basi mkaaji wa Kitaya anaijua haja ya ulinzi kuliko mwandishi aketiye mbali na kalamu yake, nami siandiki kuwalaumu walinzi wake. Nauliza jambo ambalo mlinzi mwadilifu hana budi kujiuliza: adui akiwa amejificha katika kichaka cha ng'ambo, na kichaka hicho kimepakana na shamba la mtu asiye na hatia, ni nani mwenye haki ya kusema, "Pigeni"?

Tuanze na namna jeshi la mizinga linavyopangwa, kwani swali lenyewe limezaliwa na mpango huo. Askari wa miguu aghalabu humwona adui wake, na hata asipomwona huisikia bunduki yake na kujua anatoka wapi. Walakini mzinga wa uwanjani hufichwa nyuma ya kilima au ya msitu, mbali na mstari wa mapigano, ili usionekane na usiweze kuona. Macho yake yako kwingine. Mwangalizi wa mizinga, mara nyingi ofisa kijana mwenye darubini, ramani, dira na askari wa redio, hutangulia pamoja na askari wa miguu hadi mahali anapoweza kuitazama shabaha, na kutoka hapo hupeleka habari nyuma: ni kitu gani alichokiona, kiko wapi katika ramani, na kipigwe kwa namna gani. Habari hiyo haiendi moja kwa moja kwenye mzinga, bali hupokewa na watu wa mahesabu, ambao kazi yao ni kuligeuza neno la mwangalizi kuwa nambari, wakitia maanani upepo, joto la baruti, uzito wa hewa, na tofauti ya kimo baina ya mzinga na shabaha. Nambari zikipatikana hupelekwa kwenye mizinga, na kila mzinga una kikundi chake chini ya sajenti: mmoja hushika kioo cha kulengea, mmoja hupandisha na kushusha mtutu, mmoja hutega fyuzi, mmoja hutayarisha baruti, mmoja husukuma kombora ndani, na mmoja huvuta kamba. Mizinga michache, tuseme sita au minane, hufanya kombania. Kombania kadhaa hufanya kikosi. Na kikosi huwekwa chini ya kamanda mkubwa anayeamua ni askari wa miguu wapi watakaosaidiwa leo na wapi watakaongoja. Hata Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lilipounda brigedi ya kuingilia kati huko Kongo kwa azimio namba 2098 la tarehe 28 Machi 2013, brigedi ambayo vijana wa Tanzania walikuwa nguzo yake, halikuacha kuandika mizinga pamoja na vikosi vitatu vya askari wa miguu na kombania ya makomando, kwa sababu askari wa miguu asiye na mizinga nyuma yake hulipa kwa damu kila hatua anayokwenda.

Liko jambo dogo katika kazi hii ambalo lanigusa zaidi kuliko mshindo na moshi wote. Yule mshika kioo, ambaye watu wa nje wangedhani anamtazama adui, hamtazami adui hata kidogo. Anatazama vijiti viwili vilivyopakwa rangi, vilivyochomekwa ardhini hatua kadhaa kutoka kwenye mzinga, pengine ubavuni, pengine nyuma kabisa, na kazi yake yote ni kuhakikisha kwamba alama iliyo ndani ya kioo imesimama sawasawa juu ya vijiti hivyo baada ya kuweka nambari aliyoambiwa. Akimaliza hupaza sauti kuwa yu tayari. Kombora la milimita 122, lenye uzito wa kilo zipatazo 22, linaweza kuruka kilomita 15 kwa sababu mtu mmoja alitazama vijiti vyake vizuri. Mzinga uliowekwa Kitaya ungefikisha kombora hilo ndani kabisa ya Msumbiji, na mtu huyo asingeona cha ng'ambo hata jani.

Pwani yetu ilijifunza habari hii mapema. Manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji tangu mwaka 1914, ndani ya mikoko, na Waingereza wakaleta meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zenye mizinga mikubwa, ambazo zilipiga juu ya miti bila ya wapigaji wake kuiona meli waliyokuwa wakiipiga. Tarehe 6 Julai 1915 walifyatua makombora mamia kwa faida ndogo. Tarehe 11 walirudi, na ndege ikaruka juu ya delta ikiwa na watu wawili, Cull na Arnold, wakiangalia kila kombora lilipoanguka na kupeleka kwa simu ya upepo maneno mafupi ya kusahihisha: mbele, nyuma, kulia, kushoto. Ndege yao ikapigwa na injini ikaharibika. Na wakati Cull akiishusha kuelekea majini, Arnold aliendelea kupeleka masahihisho yake hadi walipoanguka mtoni. Siku hiyo Königsberg ilikwisha. Mizinga yake kumi, hata hivyo, haikuzama pamoja nayo: Wajerumani waliitoa, wakaitengenezea magurudumu Dar es Salaam, nayo ikaburutwa nchi nzima kwa mikono ya wapagazi mamia, juu ya vilima na ndani ya vinamasi, hata vita vilipofika kwetu kusini, ambako huko Mahiwa, baina ya tarehe 15 na 18 Oktoba 1917, yalitokea mapigano makali kuliko yote ya vita vile hapa, na jeshi la Waingereza, ambalo wengi wake walikuwa askari wa Nigeria na wa Keya (King's African Rifles), likapoteza watu zaidi ya elfu mbili kwa siku nne. Mmoja wa mizinga ile umewekwa Fort Jesus, Mombasa, na watoto hupanda juu yake kupigwa picha. Wale walioivuta hawana picha. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake hukadiriwa kukaribia laki moja, kwa njaa na kuhara na uchovu kuliko kwa risasi, na wengi wao walichukuliwa kwa nguvu.

Nimewataja kwa sababu nao wamo katika swali letu. Mpango wa mizinga ni mnyororo mrefu, na kila aliye ndani ya mnyororo ana mwenzake wa kumwonyesha kidole. Mvuta kamba atasema, mimi nimevuta tu. Mshika kioo atasema, mimi nimetazama vijiti. Mtu wa mahesabu atasema, mimi nimejumlisha na kutoa. Mwangalizi atasema, mimi nimeeleza niliyoyaona, sikupiga. Kamanda atasema, mimi sikuona, nimetegemea waliyoniambia. Hakuna aliyesema uwongo, na watu wamekufa. Hapo ndipo moyo wa binadamu huingiwa na ghururi, akadhani kwamba dhambi nayo ina kifaya, yaani kama vile baadhi ya watu wakimsalia maiti wengine wote huondokewa na faradhi, ndivyo hivyo watu wengi wakishiriki katika kuua kila mmoja huondokewa na kosa.

Wanazuoni wetu hawakuikubali hoja hiyo, na ajabu ni kwamba waliijadili kwa mfano wa mzinga wenyewe, au babu wa mzinga, ambaye ni manjaniki, chombo cha kurusha mawe makubwa kilichohitaji watu wengi kukivuta. Katika Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu ambacho makadhi na masheikh wa pwani hii ya madhehebu ya Shafi wamekisoma kizazi baada ya kizazi, limo suala hili: jiwe la manjaniki likirudi likamwua mmoja wa waliolirusha, hukumu yake ni nini? Jawabu ni kwamba fungu la marehemu mwenyewe katika kifo chake huanguka, kwani alishiriki, na diya, yaani fidia ya damu, iliyobaki huwa juu ya aila za wenzake waliobaki. Wakiwa kumi, basi tisa katika kumi. Na jiwe likimpata mtu mwingine ambaye hawakumkusudia, hilo ni kosa la bahati mbaya lenye diya yake. Lakini wakimkusudia, na ikiwa ni chombo ambacho kwa kawaida humpata akusudiwaye, basi kwa kauli iliyo sahihi zaidi ni kuua kwa makusudi. Tazama, ndugu msomaji, namna mwanasheria huyu wa karne ya saba ya Hijra alivyokaa akawahesabu wavuta kamba mmoja mmoja. Hakusema kwamba kwa kuwa ni wengi hakuna mwuaji. Aliligawa fungu la mali, kwani mali yagawika. Ama kukusudia hakukugawa, kila mmoja alibaki na kusudi lake zima. Na kabla yake Sayyidna Umar bin Khattab alipohukumu habari ya watu walioshirikiana kumwua mtu mmoja Sanaa aliwahukumu wote, akabainisha kwamba lau mji mzima ungeshiriki angeuhukumu mzima.

Na aliyelazimishwa je? Hapa fikihi ni ngumu, na sipendi kuilainisha. Katika madhehebu yetu, mtu aliyetishwa kwa kifo ili amwue mwenziwe asiye na hatia, akamwua, kauli yenye nguvu zaidi ni kwamba kisasi kimo juu ya aliyelazimisha na juu ya aliyelazimishwa pia, kwa sababu roho yake si bora kuliko roho ya mwenziwe. Nadhani mpagazi aliyefungwa kamba akaburuta gurudumu hayumo katika hukumu hii, kwani alikuwa mbali mno na kitendo, na hakuwa na elimu wala hiari. Lakini askari aliyeambiwa waziwazi kwamba mbele kuna kijiji chenye watu, naye akapakia kombora, yumo.

Huenda mtu akajitetea kwa aya ya Sura ya Anfal, inayomjulisha Mtume kwamba aliporusha siye aliyerusha bali Mungu ndiye aliyerusha, akasema: basi mimi ni ala tu. Hiyo ni kuipindua aya. Wafasiri wengi wameieleza kwa habari ya gao la vumbi alilowarushia makuraishi siku ya Badri, na jinsi Mungu alivyolifikisha mbali kuliko uwezo wa mkono. Imezungumzia matokeo, haikuondoa takilifu ya mja, yaani wajibu aliotwishwa.

Udhuru ulio mzito zaidi ni ule wa kutojua. Mpiga mzinga hakika hajui. Lakini hebu tuirejee Sura ya Fath, aya ya ishirini na tano, iliyoteremka katika habari ya Hudaibiya mwaka wa sita wa Hijra, ambapo Waislamu walizuiwa wasiingie Makka kwa vita. Sababu iliyotolewa humo ni kwamba ndani ya mji ule walikuwamo waumini, wanaume na wanawake, ambao jeshi halikuwajua, na lau lingewakanyaga, basi aibu na lawama ingeliangukia jeshi hilo bila ya kujua kwake. Naona uzito mkubwa katika habari hii. Mji wa adui, adui aliyewatoa watu majumbani mwao, uliachwa kwa ajili ya watu wachache wasiojulikana, na kutojua kwa jeshi hakukufanywa udhuru bali kulifanywa sababu ya kujizuia. Baadhi ya maimamu waliitegemea aya hii kukataza kuipiga ngome ambayo ndani yake wamo mateka. Wengine waliruhusu kwa shida. Ni kweli pia kwamba wasimulizi wa sira wamepokea kwamba manjaniki ilisimamishwa juu ya Taif mwaka wa nane, na hoja hiyo hutolewa kila mara na wanaotaka mlango upanuliwe. Wasichokitaja sana ni kwamba Taif haikutekwa kwa mawe yale, mzingiro uliondolewa, na watu wake walikuja wenyewe baadaye.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, ndiye aliyeliweka jambo hili katika mizani iliyo wazi kuliko wote niliowasoma. Adui akijikinga kwa watu wasio na hatia, alisema, haijuzu kuwapiga ila yakutane mambo matatu: iwe ni dharura, iwe ni yakini, na iwe ni ya umma mzima. Akatoa na mifano ya kuizuia ruhusa hiyo isienee. Adui akiwa ngomeni na amejikinga vivyo hivyo, asipigwe, kwani tunaweza kuikosa ngome hiyo tusiangamie. Na watu wa jahazi linalozama, hata wakijua kwamba wakimtosa mmoja watapona waliobaki, hawana ruhusa ya kumtosa, kwa sababu wao ni watu wachache wenye kuhesabika, si umma. Mfano huu wa jahazi watu wa Mikindani na Msimbati hawahitaji kufafanuliwa. Tukiupima ukingo wa Ruvuma kwa mizani hii, kichaka cha ng'ambo chenye wavamizi kumi, na kando yake nyumba za wakulima, hakitimizi hata sharti moja, ikiwa wavamizi hao wanaweza kungojwa kivukoni. Wavamizi mia tatu waliokwisha kuingia mitumbwini, wako wazi juu ya maji, wanakuja kuua, ni jambo jingine kabisa, na mizinga inayowapiga hapo naiona halali bila ya shaka. Ghazali alisema habari ya mateka Waislamu, lakini sioni kwa nini uzito huo usimfikie kila raia asiye na silaha, Mwislamu au Mkristo.

Ndugu zetu Wakristo, ambao mapadre wao wa Ndanda wamefundisha kusini hii tangu mwaka 1906, wana mlango wao wa kuliingilia suala hili, uliofunguliwa na Thomas wa Akwino, aliyepambanua lililokusudiwa na lililofuata pasipo kukusudiwa. Ni mpambanuo wa haki, ila umetumiwa vibaya na wengi, kwani mtu hawezi kusema hakukusudia jambo alilolijua fika kwamba litatukia. Sheria za mataifa nazo, katika Itifaki ya Kwanza ya Geneva ya 1977, zimemtwisha anayepanga na anayeamua shambulio wajibu wa kufanya kila linalowezekana kuhakikisha shabaha si raia. Na hapa dini na sheria zimekutana.

Wala tusijidai kwamba sisi tu safi. Katika vita vya Kagera, Masaka ilipotwaliwa Februari 1979, mji ulipigwa kwa mizinga na kisha majengo yake yakavunjwa kulipiza yale Idi Amin aliyoyafanya Kagera. Hasira ile naielewa. Uhalali wake sikuuona wala siuoni. Na vita vile vile vina upande wake mwema: majeshi yetu yalipoizunguka Kampala, yenye mizinga ya kutosha kuifunga pande zote, Mwalimu Nyerere alitaka njia ya Jinja iachwe wazi ili Walibya waliokuwa wakimsaidia Amin wapate kuondoka, na wakaondoka. Kamanda aliyeshika moto mkononi akauzuia ametenda tendo la kijeshi kamili.

Leo ndege ndogo zisizo na rubani zimelifanya jicho la mwangalizi kuwa kali na la bei nafuu, na wengi hudhani tatizo limekwisha. Halikwisha, mwenye kuona zaidi ana dhima zaidi.

Liko jambo katika desturi ya mizinga yenyewe ambalo kwangu mimi lakata shauri. Katika majeshi mengi, amri ya kupiga hutoka juu peke yake, lakini amri ya kusimamisha moto yaweza kutolewa na askari yeyote aliyeona hatari, hata aliye wa mwisho kwa cheo, na akipaza sauti yake mizinga yote haina budi kunyamaza mpaka ijulikane kwa nini. Jeshi lililompa mbeba kombora mamlaka hayo limekiri kwamba yeye ni mtu mwenye akili na dhamiri, na aliyepewa mamlaka ya kuzuia hawezi kudai kuwa hakuwa na sehemu katika kutenda. Hukumu yangu basi ni kwamba kila aliyemo katika mnyororo ule, tangu kamanda hadi mvuta kamba, ana dhima nzima ya kile alichokijua na kile alichoweza kukijua akiuliza. Na kupiga mahali ambapo hakuna jicho la mwenzako aliyeona ni haramu, ila katika dharura ile ya Ghazali. Nawaomba wanaowafundisha maofisa wetu vijana huko Monduli wawafundishe kusimamisha moto kwa bidii ile ile wanayowafundishia kuufungua, na wamlinde askari mdogo atakayepaza sauti kwa kuogopa Mungu, hata ikithibitika baadaye kwamba hofu yake haikuwa na msingi.